Wamerudisha! Robo Fainali Niliyoisikia kwa Redio ya Upepo

Tangu mliponiaga kwa keki na doti mbili za kanga, vijana wangu wa chumba cha dharura, hamjaacha kunipigia simu huku Pangani. Mara mnauliza laini ya kwenda Kwala inasumbuliwa na nini mvua zikianza, mara mnataka kujua yule mteja anayetukana kila Jumapili huwa anatulizwaje. Nimeona afadhali niandike mambo yote mahali pamoja, nipate kumwagilia mchicha wangu kwa amani. Habari za vyeo nitaziruka. Kiti nilichokalia mwanzo ndicho nilichokiacha, isipokuwa kilibadilishwa sponji mara kadhaa.

Nilianza kazi enzi za simu nyeusi ya mezani, nzito kama jiwe la kusagia, ya kuzungusha namba kwa kidole. Nilitoka Kisarawe, kwa baba mkulima wa mihogo na korosho. Nyumbani waliposikia nimeajiriwa shirika la umeme, shangazi yangu aliniuliza nitapandaje nguzo na gauni. Sikupanda hata moja. Kazi yangu ilikuwa kukaa Kibaha, kupokea simu za wateja, kutuma kikosi cha mafundi na kuzungumza nacho kwa redio ya upepo, ile unayobonyeza ukisema na kuachia ukitaka kusikia. Fundi hapandi mpaka nimwambie laini imezimwa. Laini haiwashwi mpaka aniambie watu wake wote wako chini. Hayo mawili ndiyo kazi yenyewe, mengine yote ni maneno.

Na maneno yalikuwa mengi. Simu yangu ya kwanza naikumbuka vizuri.

"Haloo, dada, huku wamekata."

"Huku wapi, kaka?"

"Huku kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

"Si hapa, karibu na kwa Mama Asha. Kwani we mgeni?"

Mkongwe aliyepewa kazi ya kunifundisha, Mzee Kondo, alicheka mpaka chai ikampalia. Alikuwa Mzaramo mwenzangu, mfupi, mwenye kofia ya kiua ambayo hakuivua hata bosi mkuu alipotutembelea. "Umesikia neno lake?" akaniuliza. "Wamekata. Hasemi umeme umekatika. Mti ukiangukia waya, wamekata. Kunguru akijibanika kwenye transfoma, wamekata. Sasa hao waliokata ndio wewe, binti. Zoea." Nilizoea, ingawa ilinichukua muda kuacha kujitetea. Nilikuwa namweleza mteja habari za kunguru, naye ananijibu, "Sawa dada, lakini mbona mmekata?"

Upande wa pili wa neno hilo ni "wamerudisha". Hilo halisemwi kwenye simu, hilo hupigiwa kelele. Kila mtaa tunaouhudumia, kuanzia Tangini mpaka ndani huko Kisarawe, taa zikiwaka watoto hutoka mbio: "Wamerudishaaa!" Wakubwa nao hujibia ndani ya nyumba, japo kwa sauti ya chini kidogo ili kulinda heshima. Mtoto hufundishwa shikamoo na kuomba maji, lakini hilo sijaona anayefundishwa. Mzee Kondo alikuwa akinihimiza nisikate simu haraka baada ya umeme kurudi, nisubiri kelele hiyo ije mpaka kwenye mkono wa simu. Alisema mshahara wetu mwingine ndio huo.

Jambo kubwa alilonifundisha ni kusikiliza nyuma ya sauti. Mteja anaweza kukosea, anaweza kudanganya, anaweza kuwa na hasira mpaka jina la mtaa wake limtoke. Kilicho nyuma yake hakina hasira. Ukisikia honi ya treni, huyo yuko pembeni ya reli, hata akisema yuko mjini. Ukisikia cheche zinapasuka, mwambie aondoke hapo kwanza, maelezo baadaye. Ukisikia watu wanapiga kelele na mtu mmoja anawanyamazisha, jua kuna jambo wanaloficha. Mzee Kondo alikuwa anafumba macho akisikiliza, na wageni ofisini walidhani amesinzia. Mara nyingine alikuwa amesinzia kweli.

Sasa niwaambie habari za mpira, maana najua ndizo mnazozitaka. Mwaka Cameroon walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Italia, nilikuwa bado mgeni kazini, na sikupokea simu hata moja ya mpira. Bara tulikuwa hatuna televisheni. Watu walisikiliza kwa redio za betri, na umeme ukiwepo au usiwepo, Cameroon walicheza tu. Hivyo ndivyo kazi ilivyopaswa kuwa. Kisha televisheni zikaja, vikaja na vibanda umiza, ambavyo kwa msomaji asiyevijua ni mabanda ya mabati yenye mabenchi na televisheni moja, watu wanabanana humo kuangalia mechi huku wakitoka jasho kwa hiari yao. Tangu hapo, kila mashindano makubwa yakianza, mimi na mume wangu tulikuwa tunaagana kama ninasafiri.

Hatua ya makundi haina shida. Timu ikifungwa leo, ina mechi nyingine wiki hiyo hiyo, na mteja anaongea na wewe kama binadamu: "Dada, samahani, huku mtarudisha saa ngapi?" Ukiingia mtoano, adabu inatoka kwa mlango wa nyuma. Mtoano hauna kesho. Anayetolewa anapanda ndege, na mteja anakuona wewe ndiye uliyemkatia tiketi. Mzee Kondo, ambaye mpira hakuujua kabisa, alikuwa na ratiba ya mtoano ukutani, kubwa kuliko ratiba ya zamu zetu. Mafundi wake wote walikuwa wameshakula kabla mechi haijaanza.

Senegal walipofika mbali kule Japani na Korea, mechi zilichezwa mchana wetu, watu wakiwa maofisini. Siku moja laini ya mjini ikaleta hitilafu, na afisa mmoja akanipigia kunieleza kwa sauti nzito kwamba kuna kazi muhimu sana ya serikali inaharibika kwenye kompyuta. Nikafumba macho kama nilivyofundishwa. Nyuma yake mtu akasema, "Mwambie wamepata kona!" Nikamuuliza, "Mheshimiwa, kona hiyo imepigwa?" Akakata simu. Wagonjwa nao huongezeka sana wakati wa mtoano. Kila nyumba ina bibi anayepumua kwa mashine, na ukimwambia mteja unatuma gari la wagonjwa, bibi anapata nafuu papo hapo. Ila msiwapuuze, wanangu. Kuna siku bibi yupo kweli, na hamtamjua kwa maneno ya anayepiga, mtamjua kwa ukimya ulio nyuma yake.

Simu niliyoipenda kuliko zote ilitoka Tangini, Ghana walipokuwa wanasubiri kupiga matuta kule Afrika Kusini. Umeme ulikuwepo, mzuri, haujatikisika. Mtu mmoja akanipigia akinong'ona: "Dada, nakuomba, kateni." Nikadhani sijasikia. "Kateni huku kwetu, dakika chache tu. Siwezi kuangalia, na siwezi kuzima, sebule imejaa wakwe." Nilimpa pole, nikamwambia hatukati kwa kuombwa. Akasema, "Basi siku zote mnakata kwa kitu gani?" Ghana wakatolewa, na roho iliniuma kwa Ghana na kwa yule bwana pia.

Mzee Kondo alistaafu, na baadaye akafariki akiwa kwake Kisarawe, Mungu amrehemu. Simu nyeusi ikaondolewa, kompyuta zikaja, ramani ya ukutani ikaingia kwenye kioo. Redio ya upepo ilibaki, kwa sababu kuna mabonde huko Kisarawe ambako simu ya mkononi ni ya kutazamia saa tu. Ndipo ikaja ile robo fainali ya Qatar, Morocco na Ureno, ambayo mmeniuliza mara nyingi na nimewajibu kwa mkato. Leo nitaisema yote.

Mechi ilianza saa kumi na mbili jioni. Mchana wake mvua ya vuli ilikuwa imepiga vibaya, na mti ukaangukia laini ya kwenda kijiji kimoja cha Kisarawe. Sikitaji, maana wangali wateja wetu. Waya ukakatika katikati ya nguzo mbili. Nilimtuma fomani Mwakalinga na kikosi chake. Mwakalinga mnamfahamu, Mnyakyusa mwenye kifua kikubwa na sauti kubwa zaidi, fundi makini wa miaka mingi. Aliyekuwa apande ni Selemani, ambaye wakati huo mkewe alikuwa ametoka kujifungua mapacha. Alikuwa akituonyesha picha zao mpaka tukawa tunamkimbia kwenye korido.

Kijiji kilikuwa kimewazunguka. Niliwasikia kwenye redio: wazee kwa vijana, wote wa Morocco isipokuwa wachache waliokuwa wa Ureno kwa ajili ya mchezaji mmoja tu. Walikuwa wanawasukuma mafundi kwa maneno. "Fundi, mpira ushaanza!" "Fundi, kwani waya si wa kufunga tu?" Mwakalinga akabonyeza redio.

"Dada Zuhura, upande unaotoka kituoni uliouzima nimepima, umekufa, nimeutia ardhi. Upande wa pili unaishia kwenye mashine ya kusaga, hakuna kitu huko. Seti nyingine ya kutilia ardhi iko kwa kikosi cha Kwala. Naomba ruhusa Selemani apande."

Kwa asiye wa kazi yetu nieleze kidogo. Kutia ardhi ni kuufunga waya na chuma kilichochomekwa chini, ili umeme ukija kwa bahati mbaya uende ardhini, usiende kwa mtu. Upande mmoja walikuwa wameshaufunga. Upande wa pili haukuwa na kituo wala chanzo chochote, ni kipande cha laini kinachoishia kwenye transfoma ndogo ya mashine ya kusaga na nyumba chache. Maneno ya Mwakalinga yalikuwa na akili, na mimi kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe nimjibu.

Ila hakuwa ameachia redio yake bado. Nyuma ya sauti yake, nyuma ya wale waliokuwa wanamsukuma, mbali kabisa, kwa sauti nyembamba za watoto, nikasikia: "Wamerudishaaa!"

Laini nimeizima mimi. Waya umelala chini. Nani amerudisha?

"Mwakalinga, mtu asipande! Selemani abaki chini!"

"Ameshaweka mguu wa kwanza, dada. Kuna nini?"

"Mshushe! Huko kijijini kuna umeme."

"Umeme wa wapi? Si nimekwambia waya umekatika?"

"Watoto wamesema wamerudisha."

Akanijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtu aliyechoka. "Dada Zuhura, hao ni watoto. Pengine wanafurahia mpira kwenye redio."

"Kwenye mpira watoto wanasema goli. Wamerudisha hawasemi mpaka taa iwake. Hujawahi kuwa mtoto wewe? Pima upande wa mashine. Sitoi ruhusa."

Nilimsikia akishusha pumzi. Wanakijiji wakaguna, mmoja akauliza huyo mama wa Kibaha anataka nini. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nilisimama saa ngapi. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naogopa pia kwamba nimewachelewesha bure, na kwamba kesho ningekuwa kichekesho cha korido nzima. Kisha redio ikakohoa, nikasikia kipimo kikilia. Mnaijua sauti ile. Kinalia kwa umeme tu, hakina sababu nyingine ya kulia.

Wa kwanza kusema alikuwa Selemani, wala hakuongea na mimi. Alisema, "Astaghafirullah," taratibu, kama mtu anayejisemea.

Mambo yalikuwa hivi. Mwenye kibanda umiza, Bwana Shomari, alipoona robo fainali inampita, aliazima jenereta. Badala ya kuchomeka televisheni kwenye jenereta, alitengeneza waya wenye plagi ncha zote mbili, ncha moja kwenye jenereta na nyingine kwenye soketi ya ukutani, ili feni na taa za kibanda ziwake zote kwa mkupuo. Hakuwa na nia mbaya, alitaka watu wake waangalie mpira bila kupikika. Lakini umeme ukishaingia kwa soketi hauna mlango wa kuuzuia. Ulitoka kwenye mita yake, ukawasha nyumba za jirani, watoto wakashangilia, ukapanda ile transfoma ya mashine kinyumenyume, na transfoma haiulizi, inakuza tu. Ukaenda mpaka kwenye ule waya ambao Selemani alikuwa anakwenda kuushika.

Mwakalinga alikwenda kibandani mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba alipoomba wazime, watu walimwambia asubiri mapumziko, zimebaki dakika kidogo. Hakuwaeleza habari za transfoma. Aliwaambia, "Kuna baba wa mapacha chini ya ile nguzo anasubiri jibu lenu." Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga mlangoni akainuka, akaenda nyuma ya kibanda na kuzima jenereta bila kumuuliza mtu. Wakaulalamikia mgongo wake, lakini hakuna aliyekwenda kuiwasha.

Giza likaingia kibandani. Mafundi wakaenda kuchomoa fyuzi za transfoma ya mashine ili upande ule utengwe kabisa. Na hapo hapo, muda mfupi kabla ya mapumziko, Morocco wakafunga goli kwa kichwa.

Mimi nililijua kwa sababu Kibaha nzima iliruka, hata walinzi wetu getini. Kule kijijini walilisikia kutoka kijiji cha pili, ng'ambo ya bonde. Mnaweza kufikiria. Mwakalinga anasema hajawahi kutazamwa vile na watu wengi kwa mkupuo. Fyuzi zilipotoka, Bwana Shomari akaruhusiwa kuwasha, safari hii televisheni ikiwa imechomekwa kwenye jenereta yenyewe, na ule waya wa plagi mbili Mwakalinga akaukata vipande kwa koleo mbele ya wote. Kipindi cha pili wakakiona. Selemani alikuwa juu ya nguzo, anaunga waya, kibanda kikiguna na kushangilia chini yake, na timu ya Afrika ikaingia nusu fainali kwa mara ya kwanza tangu kombe hilo lianze kuchezwa.

Kabla sijaruhusu kuwasha nilitaka kila mtu aseme jina lake mwenyewe kwenye redio, si fomani awasemee. Wakanitajia mmoja mmoja. Wa mwisho akasema, "Selemani, niko chini, Mama Zuhura, na mikono yote miwili ninayo, ninahitaji ya kubebea mapacha." Nikatoa ruhusa, kisha nikaenda chooni nikalia mpaka kanga ikalowa. Sioni haya kuliandika. Naomba siku ikiwafika na nyinyi mlie, kisha mnawe uso mrudi kitini.

Niliporudi, simu ilikuwa inaita. Ni Bwana Shomari, mwenye kibanda, amepata mtandao kwa kupanda kichuguu, na hasira zake zilikuwa kamili.

"Wewe ndiye mama uliyewazuia mafundi?"

"Ndiye mimi, baba. Umeme umerudi?"

"Umerudi, ndiyo. Lakini mmetukosesha goli! Goli la robo fainali, Morocco hao, mimi na watu wangu wote gizani. Jambo kama hili nitaliona tena lini?"

Nilikuwa nimechoka, na jibu la upole lilikuwa limeniishia. Nikamwambia, "Goli lina marudio, baba. Watalionyesha leo, watalionyesha kesho, utaliona mpaka ulichoke. Yule fundi aliyekuwa anapanda nguzo anaitwa Selemani. Waya wako wa plagi mbili ulikuwa unamsubiri kule juu. Selemani hana marudio."

Nikasikiliza nyuma yake: watu walikuwa bado wanaimba, wanagonga masufuria. Kisha akarudi, sauti imeshuka, si ya ugomvi tena.

"Mama," akasema, "huyo Selemani ameshakula?"